Visiwa vya matumbawe kwa macho ya mtu wa maji baridi

Ninaishi Ujiji na kufundisha jiografia katika shule ya sekondari, na kila mwenzangu anaposikia kwamba akiba yangu ya likizo imeishia Unguja au Mafia, huuliza jambo lile lile: mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika anatafuta nini baharini? Si swali la kejeli. Ziwa letu lina kina kinachofika mita 1,470, limebeba takriban asilimia 17 ya maji baridi ya juu ya ardhi ambayo hayajaganda, lina fukwe za mchanga ambazo siku za kazi unaweza kuzikuta tupu, na penye mawe maji yake ni maangavu kiasi kwamba samaki aliye chini sana unamwona akigeuka. Mwenye hayo yote akipanda treni na kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam ili akatazame maji mengine, tena ya chumvi, anawajibika kujieleza.

Maelezo yangu ni kwamba ninafuata upungufu. Kigoma tumezoea wingi. Mito inashuka kutoka milimani, michikichi inaota hata pale ambapo hakuna aliyeipanda, na uchafu tunaoutupa ziwani hutoweka machoni kwa sababu ziwa ni kubwa kuliko uchafu wetu, angalau kwa sasa. Kisiwa kidogo cha matumbawe hakina hata kimoja kati ya hivyo. Hakina mto, hakina mlima, udongo wake ni wa kukwangua katikati ya mawe, na kila ndoo ya maji inayotumika pale ama imetoka mawinguni, ama imebebwa kwa chombo. Kisiwa cha namna hiyo kikiwa bado kizima, na wageni wanakifikia, ujue kuna watu waliokaa wakapiga hesabu ya maji, ya choo na ya vichwa vya watu, kisha wakakubali kupata kidogo kuliko ambavyo wangeweza kupata. Hesabu hiyo ndiyo inayonivuta, pengine kuliko ule mchanga mweupe unaopigwa picha.

Ili hesabu yenyewe ieleweke, inafaa kujua kisiwa hicho kimejengwa na nini. Wanafunzi wangu, ambao wengi wao hawajaiona bahari, huuliza kama tumbawe ni jiwe au ni mti, nami huwajibu kwamba ni mnyama. Ni mnyama mdogo laini anayeishi kwa maelfu katika koloni moja, kila mmoja akijijengea kikombe cha chokaa chini yake, na ndani ya mwili wake amehifadhi mwani wa chembe moja moja ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Sehemu ya rangi tunazozisifu inatokana na mwani huo. Matumbawe ya mviringo, yale yanayofanana na jabali, hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Yale yenye matawi hukua haraka zaidi, lakini huvunjika kwa teke moja la mwogeleaji asiyejua pa kuweka miguu. Miamba ya matumbawe inachukua chini ya asilimia moja ya sakafu ya bahari duniani, ilhali inakadiriwa kwamba robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea katika hatua fulani ya maisha yao.

Sehemu kubwa ya visiwa vidogo vya pwani yetu ni mwamba wa zamani wa aina hiyo hiyo. Takriban miaka 125,000 iliyopita usawa wa bahari ulikuwa juu kuliko leo; maji yalipopungua, mwamba ule ukabaki nje, ukafa, ukawa jiwe gumu lenye ncha kali na vishimo visivyohesabika. Jiwe hilo halizuii maji. Mvua ikinyesha inapenya, na kilicho kibaya zaidi ni kwamba chochote ambacho binadamu anakimwaga chini nacho kinapenya, kikafuata mianya na kutokea kwenye mwamba ulio hai, mita chache tu kutoka pale kilipomwagwa. Maji ya choo yana virutubisho ambavyo mwani wa baharini huvipenda sana. Mwani huo ukinenepa hufunika matumbawe, hukinga jua, na baada ya miaka michache mtalii anayelipa fedha nyingi huogelea juu ya kitu kama shamba la majani ya kahawia. Kwa hiyo kwenye kisiwa cha matumbawe choo na mwamba ni jambo moja, na mwenye hoteli asiyelijua hilo hata akiezeka kwa makuti na kuweka taa za mafuta mezani bado anaua kile anachokiuza.

Mahali nilipoliona jambo hili likifanyiwa kazi kwa uangalifu mkubwa ni Chumbe, kisiwa chenye urefu wa takriban kilomita moja, kusini ya mji wa Unguja, safari ya boti isiyofika saa moja kutoka Mbweni. Kisiwani pana mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na msikiti mdogo wa mawe, na sehemu kubwa iliyobaki ni msitu wa maweni. Mradi wa kukihifadhi ulianzishwa mwaka 1991 na Mjerumani aitwaye Sibylle Riedmiller. Mwaka 1994 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikautangaza mwamba wake kuwa hifadhi, na usimamizi ukakabidhiwa kampuni isiyogawana faida. Uvuvi hauruhusiwi katika eneo hilo, nanga hazitupwi, na vyombo hufungwa kwenye maboya yaliyowekwa maalumu. Vibanda vya kulala wageni ni 7. Havijaongezwa, ingawa mtu yeyote mwenye jicho la biashara angeona nafasi ya vingine 20.

Mimi nilikwenda kama mgeni wa kutwa, na nikiri kwamba muda mrefu niliutumia kutazama paa na choo, hadi mke wangu akauliza kama nimekuja kukagua ujenzi. Paa ni pana kuliko nyumba yenyewe, limeinama kwa namna inayokusanya mvua yote na kuielekeza kwenye kichujio, kisha kwenye tangi lililojengwa chini ya sakafu. Anayetaka kuoga anatumia maji ambayo mfanyakazi ameyapandisha kwa pampu ya mkono, na yanapashwa moto na jua. Maji ya kuogea na kunawia hayamwagwi juu ya jiwe. Yanapitishwa kwenye kitanda cha mimea iliyochaguliwa kwa ajili ya kunyonya virutubisho kabla havijaifikia bahari. Choo hakina maji kabisa. Ukimaliza haja unachota majani makavu na mboji kwa kata na kumwagia, hewa inazunguka kupitia bomba refu linalopandisha harufu juu, na kilichomo chini kinaoza kikawa mbolea bila tone moja kupenya kwenye mwamba. Sikusikia harufu mbaya, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu nyumba nyingi za wageni nilizolala barabarani. Umeme ni wa jua, na usiku, kwa maelezo ya walinzi, hakuna taa za nje zinazowaka. Mgeni anatembea na tochi, kwa sababu viumbe wa usiku wa kisiwa hicho, akiwemo yule kaa mkubwa wa nchi kavu anayekula nazi, wana shughuli zao.

Baadhi ya walinzi walianza kama wavuvi wa vijiji vya karibu. Aliyetuongoza majini alikuwa mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, na nilipomwamkia na kumweleza kwamba natoka Kigoma alifurahi kupita kiasi, akaniuliza bei ya dagaa. Kabla hatujashuka alitupa masharti yake kwa upole wa mtu aliyezoea kusikilizwa: "Mwalimu, hapa mikono ifungeni nyuma. Mkichoka, semeni, nitawashika mimi, jiwe msilishike." Kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa si shughuli ya wageni pale, unaelea juu kwa miwani na mrija, unafuata njia, na unatazama.

Na vya kutazama vipo. Jambo la kwanza lililonishangaza ni sauti. Nilitegemea kimya, nikakuta mwamba unatafunwa: pono, yule samaki mwenye meno kama mdomo wa kasuku, anang'ata jiwe na kulisaga, na mlio wake unausikia waziwazi ukiwa na masikio ndani ya maji. Chokaa aliyoisaga anaitoa nyuma kama wingu la unga, na unga huo ndio sehemu ya mchanga mweupe tunaoulalia ufukweni, habari ambayo huwafurahisha sana wanafunzi wa kidato cha pili. Mahali pengine, chini ya mwamba uliojitokeza, chewa mkubwa alikuwa ametulia na kuachama, na samaki mwembamba wa buluu, asiyezidi urefu wa kidole, alikuwa anaingia na kutoka kinywani mwake akimsafisha. Chewa angeweza kufunga mdomo tu. Hakufunga. Samaki wengine wawili walikuwa pembeni wakingoja zamu, na mlinzi wetu akatuashiria tusisogee ili tusiwavurugie foleni.

Mtu wa Tanganyika haoni hayo kama mageni kabisa. Kwenye mawe ya ufukwe wetu wapo samaki wadogo wa rangi ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, wengine wakibeba mayai na watoto wao mdomoni, na konokono wenye magamba yanayofanana mno na ya baharini. Mfanano huo ulimfanya mwanasayansi Mwingereza, J. E. S. Moore, aandike mwaka 1903 kwamba ziwa letu liliwahi kuwa sehemu ya bahari. Wataalamu waliomfuata walilikataa wazo hilo; viumbe wale walibadilika humu humu ziwani. Hata hivyo namwelewa Moore. Ukivaa miwani ukaingia majini penye mawe hapa Kigoma, kisha siku nyingine ukafanya hivyo Chumbe, unajua ni kwa nini mtu makini angeweza kudhani hivyo.

Yanayotokea pale ambapo hesabu haikupigwa yanajulikana, na sitayakawilia. Thailand ililazimika kuifunga ghuba ya Maya mwaka 2018, baada ya kufikia hali ambapo watu hadi 5,000 kwa siku walikuwa wakishushwa kwenye ufukwe mdogo na nanga za boti zikiyavunja matumbawe. Haikufunguliwa tena hadi Januari 2022, na ilipofunguliwa boti zilikuwa zimepigwa marufuku kuingia ghubani. Mwaka huo huo wa 2018 Ufilipino ilifunga kisiwa cha Boracay kwa miezi sita, sababu kubwa ikiwa maji machafu yaliyokuwa yakielekezwa baharini. Katika mifano yote miwili uzuri wenyewe ndio ulioleta watu, na watu wakaja bila mtu wa kuwahesabu.

Mafia ni habari nyingine, na kwangu ni habari nzito kuliko Chumbe, kwa sababu Mafia ina wenyewe. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, chini ya sheria ya mwaka 1994. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, na ndani yake vimo vijiji vyenye watu, misikiti, shule na mashua. Huwezi kumwambia mtu wa Jibondo asivue, maana babu yake alivua hapo hapo. Kilichofanyika ni kugawa bahari: pana sehemu za kiini ambazo hazivuliwi kabisa, pana sehemu zenye masharti ya aina ya nyavu na wavuvi, na pana sehemu za matumizi ya kawaida. Wanavijiji hawakuipokea hifadhi wote kwa mikono miwili, na nadhani walikuwa na haki ya kusitasita, kwa kuwa mpaka unaochorwa baharini huumiza kwanza yule mwenye ngalawa ndogo. Lakini hali iliyotangulia nayo haikuwa njema. Baruti zililipuliwa kwenye miamba kwa miaka mingi katika pwani yetu, na Mafia matumbawe yalichimbwa yakachomwa kwenye tanuri ili kupata chokaa ya kujengea. Tumbawe limejenga Uswahili wetu wote, kuanzia misikiti ya Kilwa Kisiwani hadi kuta za Mji Mkongwe. Tofauti ni kwamba idadi ya nyumba imekuwa kubwa kuliko kasi ya sentimita moja kwa mwaka.

Kalenda ya shule, kwa bahati, inaoana na Mafia. Likizo ya Desemba ni msimu wa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambao huonekana karibu na Kilindoni tangu Oktoba hadi Februari au Machi. Wengi wanaoonekana pale ni wachanga, jambo ambalo halisaidii sana ukiwa majini na mnyama mchanga wa mita sita au saba anapita mbele yako na mdomo umefunguka kama mlango wa gari. Anachuja vijidudu na vifaranga vya samaki. Wewe hakuoni kuwa chakula. Masharti ni ya kawaida kwa aliyewahi kwenda Mahale, hifadhi ya sokwe huku kwetu ziwani: watu wachache kwa wakati mmoja, usimguse, usimkatie njia, boti isimsogelee. Likizo ya Juni nayo huangukia wakati ambapo mayai ya kasa huanguliwa kwenye fukwe za kisiwa cha Juani, upande unaoitazama bahari kuu. Vijana wa kijiji wanalinda viota, wanahesabu siku, na makadirio yao yakikaribia wanawapeleka wageni. Unapita kwa miguu katikati ya kichaka cha mawe hadi ufukweni, unasimama nyuma ya mstari, na taa ya kamera inazimwa. Mchanga unaanza kutitia polepole, kisha unachemka. Vitoto vya kasa vinapanda juu ya vingine, vyeusi, vyenye mapezi makubwa kuliko inavyostahili mwili wao, na vinaelekea baharini bila kuuliza. Mmoja aliangukia kwenye alama ya unyayo wa mlinzi akashindwa kutoka. Mlinzi aliufukia ule unyayo kwa vidole, akaacha kasa ajipandie mwenyewe. Ada ya wageni huingia kwenye ulinzi wa viota na kwenye kijiji, na kijana aliyetuongoza alisema waziwazi kwamba zamani mayai yale yangeishia jikoni.

Hapa ndipo penye ugomvi wangu na sehemu kubwa ya utalii unaojiita rafiki wa mazingira. Njia iliyozoeleka ya kupunguza watu ni kupandisha bei, na katika baadhi ya visiwa vya binafsi vya pwani yetu bei ya usiku mmoja inauzidi mshahara wangu wa mwezi. Kisiwa kinapona, hilo sibishi. Lakini kinapona kwa kuhamishwa kutoka machoni pa Mtanzania hadi kwenye albamu ya mtu mwingine, na mtoto wa mvuvi aliyekatazwa kuvua pale anakua akikiona kwa mbali kama ngome. Chumbe wamejaribu kulirekebisha jambo hilo kwa kuwachukua wanafunzi wa Zanzibar bila malipo, fedha zikitoka kwa wageni wanaolala, na pia kwa kuwa na bei ya chini kwa wenyeji wa kutwa kama mimi. Kwenye hifadhi za serikali, Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Hizo ni hatua za kweli.

Hata hivyo, mfano ninaoupenda zaidi uko Shelisheli, kisiwa kinachoitwa Cousin. Kilinunuliwa mwaka 1968 na shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege wakati ndege mmoja mdogo wa kisiwani hapo alikuwa amebaki katika idadi isiyofika 30 duniani kote. Minazi iliyopandwa kibiashara ikaachwa ipungue, msitu wa asili ukarudi, na leo ndege huyo anahesabiwa kwa maelfu, wengine wakiwa wamehamishiwa visiwa vya jirani. Wageni wanaruhusiwa, lakini boti zao hazigusi ufukwe: walinzi huwafuata kwa boti ya kisiwa ili panya asipate njia ya kuingia, huwatembeza, kisha huwarudisha. Hakuna hoteli. Hakuna anayelala isipokuwa walinzi na watafiti.

Msimamo wangu ni huo: kisiwa kidogo cha matumbawe, kwa kawaida, kisilaze mgeni. Mgeni alale kwenye kisiwa kikubwa chenye watu, katika nyumba ya wageni ya mwenyeji, ale samaki wa mwenyeji, asubuhi aende na mashua ya mwenyeji, na jioni arudi na kila alichokwenda nacho, pamoja na chupa yake ya maji. Kwa namna hiyo fedha zinabaki kijijini, na mzigo wa choo, wa jiko na wa jenereta haubebwi na jiwe lenye matundu. Chumbe nakihesabu kuwa ni hali ya pekee, kwa sababu wanaolala ndio wanaogharimia walinzi, na choo chao nimekichunguza. Wengine wanaotaka kujenga wanionyeshe choo kwanza.

Lipo jambo ambalo hesabu hiyo yote hailigusi. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ya maeneo mengi, yakiwemo ya Mafia, yaliwatoa wale mwani wao, yakapauka na mengi yakafa. Hakuna nanga wala choo kilichohusika. Joto limerudi mara kadhaa tangu hapo, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba miamba ya dunia ilikuwa katika wimbi la nne la kupauka lililoenea bahari zote kuu za tropiki. Mtalii anayesafiri kwa ndege kutoka bara jingine ili akaoge kwa maji ya mvua kwa siku tatu anapaswa kulifikiria hilo, nami wa treni nisijione mtakatifu sana. Kinachojulikana ni kwamba mwamba ambao haujachoshwa na baruti, udongo na maji machafu una nafasi nzuri zaidi ya kurudi baada ya joto kupita. Ndiyo sababu ulinzi wa karibu bado una maana.

Ninaporudi Kigoma huwa naangalia ziwa kwa jicho hilo la hesabu. Gombe na Mahale hazina barabara ndani yake. Unafika kwa boti, unatembea kwa miguu, na kwenye sokwe mnakwenda wachache, kwa muda wa saa moja, mmevaa barakoa. Hilo tumelizoea hadi hatuoni kwamba ni utalii wa aina ile ile ambayo watu wanaisafiria Shelisheli. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa wavuvi tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Pale Katonga na Kibirizi malalamiko yalikuwa mengi na yenye sababu, kwa maana mwenye kipe na karabai, zana za kuvulia dagaa usiku, ana mkopo unaosubiri. Lakini ni kanuni ile ile ya kiini cha hifadhi ya Mafia, iliyohamishwa kutoka kwenye eneo kwenda kwenye miezi. Sasa reli ya kisasa inajengwa kuja huku, na fukwe ambazo leo ni tupu zitapata wageni. Vilima vyetu vinavyolimwa hadi juu tayari vinashusha udongo kwenye mawe ya samaki kila masika. Ningependa, kabla ya hoteli ya kwanza kubwa kupata kibali ufukweni, mtu aulize maji yake yataelekea wapi, maana ziwa hili halina kupwa na kujaa kwa kutusafishia.

Kwa anayetaka kwenda, njia yangu si ya kifahari. Treni hadi Dar es Salaam, gari hadi Nyamisati, kisha kivuko hadi Kilindoni. Jipangie siku ya akiba, kwa sababu bahari ina ratiba yake. Utende ndiko kuna lango la hifadhi ya bahari na mashua za kwenda Chole na Juani. Chukua fulana ya mikono mirefu ya kuogelea badala ya kujipaka mafuta ya kuzuia jua, kwa kuwa baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazotiliwa shaka kudhuru matumbawe, kiasi kwamba Hawaii na Palau zimezipiga marufuku aina kadhaa. Viatu vya plastiki vya kutembelea maweni vinauzwa sokoni Kigoma kwa bei ndogo kuliko huko. Na kabla ya kulipia chumba popote kisiwani, piga simu uulize maji ya choo yanakwenda wapi. Mpokeaji akisema hajui ila atamuuliza fundi, mngoje huyo fundi.